Viboga Vinavyodondoka Vichanga: Namna ya Kurudisha Wachavushaji Shambani Kwako

Ua jike la boga hufunguka mara moja tu. Huku kwetu Sikonge huanza kufumbuka kungali na giza, saa kumi na mbili na nusu limeshachanua lote, na ikikaribia saa tano limeanza kujikunja. Likishajifunga halifunguki tena. Kama katika saa hizo chache hakuingia mdudu mwenye chavua, ule unga wa njano wa ua dume, mwilini, kile kiboga kilichoko chini ya ua kitakaa siku tatu, nne, kikiwa kibichi vilevile, kisha kitaanza unjano nchani, kitalegea, kitadondoka. Utakiokota useme ni mvua nyingi, au mbegu mbaya. Mimi nilisema ni udongo umechoka, nikatumia fedha misimu mitatu kuongeza samadi na mbolea ya dukani, na viboga vikaendelea kudondoka.

Naandika haya kwa mwenzangu aliyeko Urambo, Kaliua au Uyui, au kule Kasulu na Kibondo, anayelima boga, tikiti, tango au alizeti kwenye ardhi ambayo si zamani sana ilikuwa pori. Ninalima kusini mwa mji wa Tabora, kando ya barabara ya kwenda Mbeya. Maboga nayapanga kwenye kigoda barabarani, wenye malori wananunua. Kabla ya hapo tulilima tumbaku miaka mingi, marehemu mume wangu na mimi. Siisemi vibaya, imesomesha watoto wangu. Ila mwaka 2013 tulifyeka kipande cha pori kilichopakana na shamba letu, eka tano hivi, chenye mitundu, miti ya muba, mininga miwili mikubwa na vichaka vya chini. Magogo yakaingia kwenye mabani kukaushia tumbaku, matawi yakawa mkaa. Tumbaku ilikaa pale misimu miwili, ardhi ikachoka, tukaweka mahindi, na baadaye mimi nikaweka maboga.

Ni mzee mmoja mrina asali, jirani yetu, aliyenifumbua macho. Alipita asubuhi na baiskeli yake akanikuta nimeinama naokota viboga.

"Mama Shija, leo umeona nyuki wangapi humu?"

"Baba, sijatazama."

"Basi kesho tazama. Usishike jembe. Kaa, tazama tu."

Anzia hapo na wewe.

Kaa utazame

Chagua asubuhi isiyo na mvua, wakati maboga yamechanua vizuri. Fika saa kumi na mbili na nusu, ukae hadi saa mbili na nusu. Kwanza jua kutofautisha maua. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba na halina kitu chini yake. Ndani mna kijiti kimoja chenye unga wa njano. Ua jike limekalia kiboga kidogo cha ukubwa wa kidole gumba au yai, na katikati yake mna kichwa kinene kilichogawanyika vipande vitatu, kinachonata ukikigusa. Maua dume hutangulia kutoka, na siku zote ni mengi kuliko majike. Usiogope ukiona wiki ya kwanza kuna madume matupu.

Chagua maua kumi ambayo unaweza kuyaona yote ukiwa umekaa. Tazama dakika kumi, hesabu kila mdudu anayeingia ndani. Pumzika, rudia. Fanya hivyo asubuhi tatu, uandike.

Usiwahesabu nyuki wa asali peke yao. Wapo nyuki wadogo wasiouma, weusi, wadogo kama sisimizi mwenye mabawa, wale ambao asali yao wazee huihifadhi kwa dawa ya kifua. Yupo yule mkubwa mweusi mwenye mngurumo mzito, anayetoboa mbao za paa na miti iliyokauka; akiingia kwenye ua la boga, ua zima linatikisika. Wapo wadogo wa rangi ya kijani inayong'aa. Wapo nzi wenye milia kama nyigu. Kuna na mende wadogo wanaotafuna petali; hao waandike pembeni, wanakula zaidi kuliko wanavyobeba.

Siku ya kwanza niliona nyuki wa asali wanne kwa saa mbili. Wanne, katika shamba la eka moja na nusu. Nilimfuata mmoja kwa macho. Aliingia kwenye ua dume, akajizungusha chini kwenye maji matamu, akatoka akiwa na mgongo wa njano kama aliyemwagiwa unga wa dona. Akaruka, akaingia ua dume lingine. Akaruka tena, akaingia ua jike, na pale nikasogea karibu kabisa: alipokuwa akishuka kwenye maji matamu mgongo wake ulisugua kile kichwa cha vipande vitatu, na chembe za njano zikabaki juu yake, naziona kwa macho yangu. Chavua ya boga ni nzito na inanata. Upepo hauwezi kuibeba. Bila mgongo wa mdudu inabaki pale pale ilipo mpaka ua linajifunga.

Na ziara moja haitoshi. Ndani ya boga mna mbegu mamia, na kila mbegu inahitaji chembe yake ya chavua. Mbegu zinazokua ndizo zinazoliamrisha tunda linenepe. Upande ambao chavua haikufika, mbegu zinabaki pepe na boga halijai upande huo. Lile boga lililopinda, nene huku na jembamba kule, ambalo mteja analigeuza mara mbili kisha analirudisha chini, mara nyingi limetembelewa mara chache. Lipasue uone: mbegu za upande mmoja zimejaa, za upande wa pili ni maganda.

Jaribio la uzi na kitambaa

Kutazama kunakupa wasiwasi. Jaribio ndilo linalokupa jibu. Kuna magonjwa yanayodondosha viboga, kuna ukame, kuna joto kali, kuna mmea uliobeba matunda mengi kuliko nguvu yake. Huwezi kuwalaumu nyuki kwa kila kitu.

Jioni, tembea shambani utafute maua jike ambayo yatafunguka kesho. Utayajua kwa ncha: imeanza kupata rangi ya njano lakini bado imefumba. Tafuta thelathini kwenye mimea yenye afya inayofanana. Kumi yavalishe vifuko vya kitambaa chepesi, mimi nilikata chandarua chakavu nikakikunja mara mbili, ufunge kwa uzi mweupe. Hayo hakuna mdudu atakayeyagusa. Kumi yafunge uzi mwekundu kwenye kikonyo tu, uyaache wazi kama Mungu alivyoyaweka. Kumi ya mwisho yavalishe vifuko pia lakini kwa uzi mweusi. Haya utayachavusha wewe. Yavalishe na maua dume machache jioni hiyo hiyo, wadudu wasimalize chavua yake alfajiri.

Kesho yake kabla ya saa moja na nusu, chuma ua dume, lichane petali zote kibaki kijiti chenye unga. Fungua kifuko cha uzi mweusi, pakaza kijiti taratibu juu ya vipande vyote vitatu vya ua jike, zunguka mpaka uone njano imeenea. Tumia madume mawili kwa kila jike, na kama unaweza yatoke kwenye mmea mwingine. Rudisha kifuko. Jioni, maua yakiwa yamejifunga, vua vifuko vyote.

Baada ya siku saba hesabu vilivyoshika.

Vya uzi mweupe vitadondoka karibu vyote, hilo ni la kujihakikishia tu. Linganisha uzi mwekundu na uzi mweusi. Kwangu mwekundu ulishika vitatu kati ya kumi, mweusi vinane. Udongo ni ule ule, mvua ile ile, mbegu ile ile. Nilikaa chini palepale kwenye mstari nikatazama kule ambako pori letu lilikuwa. Kama kwako yote mawili yameshika vizuri, huna shida ya wachavushaji, tafuta kwingine. Kama yote mawili yamedondoka, ni maji, ni ugonjwa, au ni udongo. Lakini kama mweusi umeshika na mwekundu umedondoka, endelea kusoma.

Kwa shamba dogo la nyumbani unaweza kuchavusha kwa mkono kila asubuhi, na msimu ule ndivyo nilivyookoa mboga ya nyumbani. Shamba la biashara huliwezi.

Kwa alizeti kuna njia ya haraka zaidi. Kichwa cha alizeti ni maua madogo mamia yaliyokusanyika, yanafunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati kwa siku nyingi. Mavuno yakikauka, vunja vichwa kumi, bonyeza mbegu kwa kucha. Pepe zikizidi hata kwenye duara la nje, wakati mvua ilikuwa ya kutosha, wadudu walikuwa haba. Katikati pakiwa pepe peke yake, hiyo hutokea pia kwa ukame.

Kwa nini pori

Jirani yangu aliniambia: "Mahindi yangu yanazaa bila nyuki." Ni kweli. Mahindi huchavushwa na upepo, mpunga hujichavusha wenyewe. Nyuki utamwona kwenye mbelewele, anajichukulia chavua, lakini hindi halimngoji. Kwa uzito, sehemu kubwa ya chakula cha dunia ni mazao ya namna hiyo. Ila ukihesabu aina, kiasi cha aina tatu katika kila nne za mazao makuu ya chakula hunufaika kwa kiwango fulani na wanyama wanaochavusha: matunda, mboga, mbegu za mafuta. Ugali utaupata bila nyuki. Mafuta ya alizeti, tikiti, tango, boga na embe la kumpa mtoto vitapungua.

Sasa ufuate mwaka kama nyuki anavyoufuata huku kwetu. Septemba, ardhi imekauka na kila kitu ni vumbi, mitundu inatoa majani mapya mekundu kama shaba, halafu inachanua kabla mvua haijanyesha. Mninga nao unachanua njano majira hayo hayo. Mvua za Novemba zinaleta maua ya majani ya chini. Januari hadi Machi ni zamu ya mashamba yetu. Mvua zikielekea kuisha muba unachanua, na hapo ndipo inapotoka ile asali ya katikati ya mwaka inayojulikana kwa jina la Tabora mpaka Dar es Salaam. Kiangazi kinapoanza kukaza, miembe inachanua.

Shamba langu la maboga linawalisha wiki sita, labda nane. Wiki nyingine zote wanalishwa na pori. Sisi tulipofyeka zile eka tano tuliona tumekata kuni, kumbe tumewanyima wageni wetu chakula cha miezi kumi, kisha tunashangaa hawaji kwenye karamu ya miezi miwili.

Na tumewavunjia nyumba. Nyuki wa asali hukaa kwenye matundu ya miti mikubwa, wale wadogo wasiouma vilevile. Utaona kijimrija cha nta kimechomoza kwenye shina. Yule mkubwa mweusi anahitaji mti mkavu wa kutoboa. Walio wengi zaidi hawana mzinga kabisa: kati ya aina zaidi ya 20,000 za nyuki zinazojulikana duniani, karibu asilimia 70 huchimba vishimo ardhini, kila jike na kishimo chake. Kwenye ardhi isiyolimwa, kwenye ukingo wa njia ya miguu, chini ya kichaka. Jembe la ng'ombe likipita mwaka hadi mwaka mpaka kwenye mpaka wa mwisho, hakuna anayebaki.

Umbali nao una maneno yake. Nyuki wa asali anaweza kuruka kilomita mbili tatu kutafuta chakula. Wale wadogo hawaendi mbali, mara nyingi ni mita mia chache. Shamba pana lisilo na kichaka hata kimoja, katikati yake hawafiki.

Tumbaku haiwasaidii, kwa sababu tunaikata kichwa mara ua linapochomoza ili nguvu iende kwenye majani. Kwa hiyo mahali palipokuwa na pori, kisha tumbaku, pamekosa maua mara mbili.

Visiki ni mali

Hili ndilo nataka ulishike kuliko mengine yote. Usikimbilie miche kwanza. Pori la miombo halifi ukilikata. Liko chini ya ardhi linangoja. Mtundu, muba, mninga, myombo wenyewe, vyote huchipua kutoka kwenye kisiki na mizizi, na mche wa kununua hauwezi kushindana na chipukizi lenye mizizi ya miaka arobaini chini yake. Wengine wanaita njia hii kisiki hai.

Kila mwaka tulikuwa tunafyeka machipukizi yale tukiyaita magugu. Niliacha mwaka 2018, kwenye ukanda wa hatua kumi na tano kuzunguka shamba lote, na visiwa vitatu katikati.

Kazi yenyewe ni hivi. Kisiki kimoja kinaweza kutoa machipukizi kumi hata ishirini. Chagua mawili au matatu, yaliyonyooka, manene, yaliyoshika chini kabisa kwenye kisiki. Yale yaliyoota juu ya ukingo wa kisiki upepo utayabandua. Mengine yote kata kwa panga kali, kwa mkato wa mshazari kutoka chini kwenda juu ili usichane gome. Yale uliyochagua yapunguzie matawi ya chini mpaka nusu ya urefu. Vifito ulivyokata ni kuni za jikoni na vigingi vya nyanya. Mwaka wa pili rudi, ondoa machipukizi mapya, na kama unataka fito punguza moja katika matatu. Usipitishe mbuzi miaka miwili ya mwanzo. Ndugu zetu Wasukuma wana ngitiri, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Wa Nzega na Igunga wanaijua. Akili ni hiyo hiyo: kuifunga ardhi kwa muda ijirudishe.

Miti hii haitachanua mwaka huo wala ujao. Kwa hiyo chini yake acha vichaka na majani yanayotoa maua mapema. Kishona nguo tunakichukia kwa kushika nguo, lakini nyuki wanakipenda, kiache ukingoni. Panda marejea, ile ya kurutubisha ardhi, na mbaazi, huwaita wale nyuki weusi wakubwa. Mlonge unachanua sana na hauchagui udongo. Ukiona mti mkavu uliosimama na hauhatarishi nyumba wala njia, uache usimame.

Wanaopanda mikaratusi kwa ajili ya kuni za mabani wanafanya vizuri, kila gogo la mkaratusi ni gogo la mtundu lililopona, na ikichanua nyuki wa asali hula. Lakini usijidanganye kwamba ni pori. Chini ya mikaratusi iliyobanana hakuoti kitu, na wale nyuki wengine hawana pa kukaa.

Moto, dawa na mizinga

Moto wa Septemba ndio mwuaji. Nyasi zimekauka kabisa, upepo unavuma, mitundu inatoa majani na vikonyo vya maua, na moto unapanda mpaka juu. Unateketeza machipukizi, miti mikavu yenye viota, na mizinga ya watu. Kama lazima uchome, choma mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, jioni isiyo na upepo, kwa kibali cha serikali ya kijiji na majirani wakijua. Choma kipande, uache kipande. Ukanda wako wa visiki uzungushie barabara ya moto: lima au palilia hatua tatu nne ziwe ardhi tupu.

Kuhusu dawa za wadudu nina jambo linaloniuma. Mwaka 2016 niliona mende wengi kwenye majani ya maboga, nikabeba bomba mgongoni saa mbili asubuhi, maua yakiwa wazi yote. Adhuhuri nilirudi. Maua yalikuwa yamejifunga, nikafungua moja kwa kidole kuona kama kuna mdudu ndani. Mlikuwa na nyuki wawili, wamelala ubavu, ulimi umetoka nje umenyooka kama uzi. Nikafungua la pili, la tatu. Wale wachache waliokuwa wamebaki wa kunizalishia maboga niliwaua kwa mikono yangu, na dawa niliinunua kwa fedha ya maboga.

Tangu siku ile ninafuata haya. Sipulizi bila kukagua kwanza kama wadudu wamezidi. Nikipuliza ni baada ya saa kumi na mbili jioni, maua ya boga yamefunga na nyuki wamerudi. Dawa ya unga siitumii kabisa shamba likiwa na maua, nyuki huibeba kama chavua mpaka nyumbani kwao. Zile zinazofyonzwa na mmea ni hatari hata ukipuliza usiku, kwa sababu zinapanda ndani ya mmea mpaka kwenye chavua na maji matamu ya ua; ukiona vitumba vya maua, uziache. Soma karatasi ya chupa au umpe kijana akusomee, kuna zilizoandikwa wazi kwamba ni sumu kwa nyuki. Kabla ya kupuliza mpigie simu mwenye mizinga aliye karibu.

Mizinga ni mizuri, ila usiifanye ndiyo dawa ya kwanza. Nyuki wetu wakikosa chakula au maji wanahama, mzinga unabaki mtupu kwenye mti. Weka mizinga ukishakuwa na ukanda wa maua, mbali na nyumba, njia na mazizi, uitundike kwa waya, na uwawekee maji kwenye karai lenye mawe au vijiti vya kutua wasizame. Na tafadhali, mzinga wa gome uachane nao. Ukibandua gome kuzunguka shina lote la mtundu, chakula kinachotengenezwa na majani hakiwezi kushuka mizizini, na mti unakufa umesimama. Mzinga wa mbao unadumu zaidi, na mti unabaki kuwalisha haohao nyuki unaotaka wakae ndani yake. Chuo cha ufugaji nyuki kipo hapa hapa Tabora mjini, nenda ukaulize.

Miti nayo inazaa

Karibu aina tisa katika kila kumi za mimea ya porini inayotoa maua hutegemea wanyama kuchavushwa. Pori likipoteza wachavushaji, miti iliyosimama itaendelea kuonekana mizima, lakini watoto wake watapungua.

Watu wengi huku tunakata mpapai dume kwa sababu hauzai, tukikata yote tunashangaa majike yanadondosha maua. Mkusu, ambao uko kwa wingi ukielekea Kigoma, ni hivyo hivyo: kuna mti dume na mti jike. Dume halitoi makusu hata siku moja, kwa hiyo wenye shoka huanza nalo. Kumbe ndilo lenye chavua ya majike yote ya jirani. Ukiwa na mikusu kwenye eneo lako, itazame wakati wa maua, uyatie alama madume, uyabakize yakiwa yamechanganyika na majike. Ntonga, mbula na ntalali, matunda ya porini wanayookota watoto wakienda shule, nayo yanahitaji mdudu apite kwanza.

Mninga ukibaki mmoja katikati ya mashamba mapana, nyuki wanaoubebea chavua ya mwenzake wa mbali ni wachache. Ndiyo sababu ukanda wangu nimeuunganisha na wa jirani, tukakubaliana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba hatukati mpakani. Kijiji chenu kikiwa kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, nenda kwenye mkutano, useme kanda hizo zichorwe kwenye ramani. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake, na hati ya kimila ya kumiliki ardhi inaweza kuandikwa kwa jina la mwanamke. Nilikuwa nakaa kimya mikutanoni. Sasa nanyosha mkono.

Msimu uliopita nilirudia jaribio langu, nyuzi zilezile. Mwekundu ulishika saba, mweusi vinane. Asubuhi sihesabu tena nyuki wa asali peke yao, maana wale wa kijani wamerudi, na wamechimba vishimo kwenye ukingo wa njia ninayopita kwenda kisimani. Nimewaambia watoto wapite upande wa pili.

Kama unaanza mwaka huu, anza Septemba, mvua haijanyesha, kwa sababu wakati huo machipukizi mekundu yanaonekana kwa urahisi kwenye ardhi tupu. Chana kanga chakavu vipande vyembamba, zunguka mpaka wa shamba lako, kila kisiki unachotaka kukitunza kifunge kipande. Fanya hivyo kabla hujamwita mtu wa plau, umwoneshe vyote kimoja kimoja kabla ng'ombe hawajafungwa nira.